Mwito wa Mtu wa Pichani

Picha hiyo niliipata Arua Hill, kwenye nyumba moja ya zamani yenye baraza pana, siku tulipoitwa kupakia mizigo ya Mzungu aliyekuwa akihama. Alikuwa amefanya kazi na wakimbizi kwa muda mrefu, na sasa mkataba wake ulikuwa umekwisha. Tulitoa makabati, magodoro, friji, na masanduku ya vitabu yaliyotuvunja migongo. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani karibu na pipa la takataka, kioo chake kimepasuka kwenye kona. Nilimuuliza mpishi wa nyumba kama nayo inapanda lori.

"Hiyo hapana," alisema. "Hiyo iko ya kutupa. Kama unataka, beba. Lakini ukiota mambo mbaya usirudi hapa kunisumbua."

Nikaifunga kwenye gunia nikaondoka nayo. Wakati huo sikuwa hata na ukuta wa kuitundika. Nilikuwa nalala pale kazi iliponikuta.

Haikuwa picha ya kamera. Ilikuwa nakala ya mchoro wa rangi, wa zamani, wa watu wanaocheza ngoma usiku. Katikati kuna moto mkubwa. Kuuzunguka wapo wachezaji waliofunika nyuso kwa vitambaa vyeusi, na juu ya vichwa vyao vimesimama vipande vya mbao vilivyopangwa kama vidole vilivyotanuliwa. Vifua vyao vimechorwa alama nyeupe, na mikononi wameshika fimbo. Nyuma yao watu wengi wameketi wakijifunika mablanketi, na nyuma zaidi kuna milima myeusi. Chini kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Shule niliiacha mapema, ila kusoma sikuacha. Nasoma mabango, magunia, karatasi zilizofungiwa mandazi. Kwa hiyo nilisoma. Jina la mchoraji lilikuwa limeliwa na unyevu, na mwaka pia, isipokuwa mwanzo wake, ambao ulionyesha kwamba ni kazi ya karne ya kumi na tisa. Maneno mawili yalibaki safi: moja lilikuwa Apache, jingine maana yake ngoma.

Mara ya kwanza nilipoitazama vizuri, nikiwa nimekaa kwenye baraza la duka lililofungwa, sikuwatazama wachezaji. Nilimtazama mtu mmoja aliye upande wa kushoto kabisa, mahali mwanga wa moto unapokwisha. Amesimama peke yake kwenye majani marefu. Uso wake haujafunikwa. Mdomo wake uko wazi na kiganja chake kiko karibu na shavu. Nikajua papo hapo anafanya nini. Anaita. Amefika kwenye ngoma na anawaambia wenzake kwamba amefika.

Sisi Walugbara, mwanamume ana mwito wake. Tunauita cere. Ni sauti nyembamba na ndefu inayotoka kooni kama ya ndege, na ndani yake kuna maneno machache ambayo mwenyewe ameyachagua. Hufundishwi. Unaanza kuutoa ukiwa kijana, kwenye ngoma au ukirudi kutoka kilabuni, na watu wa nyumbani wanauzoea, mpaka wakiusikia kutoka ng'ambo ya bonde wanasema, huyo ni fulani, anashuka. Ni wa mtu mmoja tu. Kuita kwa mwito wa mtu mwingine ni tusi, na watu wameshikana mashati kwa sababu hiyo. Siku hizi vijana wengi wana simu na hawana cere, lakini kwenye ngoma ya msiba wazee bado wanaudai.

Mimi sikuwa nao. Nilitoka nyumbani Dadamu sauti yangu ikiwa bado ya kitoto. Nikapakia tumbaku, nikafyatua matofali, nikauza viatu vya mtumba, nikaenda hadi mpakani na kurudi. Njiani nilijaribu kuita mara chache, nikiwa peke yangu, nikaona aibu. Mwito usiojulikana na mtu ni kelele tu.

Haukupita muda mrefu baada ya kupata picha, shangazi yangu, dada yake baba, akanipigia simu. Baba alikuwa amelazwa hospitali ya Kuluva. Nilikwenda nikiwa na gunia langu lenye picha, maana sikuwa na mahali pa kuliacha. Baba alikuwa amelala, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na muda wote niliokaa pale hakufungua macho. Shangazi alinitoa nje, tukakaa karibu na kamba za kuanikia nguo, akaendelea kuchambua maharagwe kwenye ungo kana kwamba yuko nyumbani kwake.

"Huyu hatatoka hapa kwa miguu yake," aliniambia kwa Kilugbara. "Akienda, kutakuwa na ngoma. Wewe ndiye mwanawe wa pekee wa kiume. Utaingia uwanjani mbele ya watu wote, na utaita. Una nini cha kuita?"

"Sina kitu, shangazi."

"Basi tafuta. Ukiingia umenyamaza, watu watauliza huyu mgeni ametoka wapi. Nusu yao hawaijui sura yako. Na mimi sitazunguka uwanja mzima nikimwambia kila mtu, jamani, huyu ni wetu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharagwe, akanitazama, akarudi ndani.

Nilipanda gari la mizigo kwenda Koboko nikiwa na neno hilo. Nilikuwa nimezoea kuwa mgeni; mgeni hupewa kazi bila kuulizwa maswali mengi, na akiondoka hakuna anayelia. Lakini nilipofikiria uwanja wa nyumbani, na watu wa ukoo wetu wakinitazama kama wanavyomtazama mtu aliyekuja na gari la kukodi, ugeni huo sikuutaka. Nilitaka nikifungua mdomo, hata mtu mmoja katikati ya umati aseme, ah, ni yule.

Koboko nilipata kazi ya kupakua malori yanayokwenda Sudan Kusini, na chumba katika ua wa mama mmoja mzee wa Kinubi. Mababu zake walikuja kama askari kutoka Sudan, na ukoo wake haukuondoka tena. Alikuwa mjane, na siku nzima alikaa kwenye mkeka akisuka kawa za rangi, nyekundu, kijani na zambarau. Mtaa mzima ulimwita Haboba, yaani bibi, nami nikamwita hivyo. Yeye aliniita mutu ya barabara.

Nilipotundika picha alikuja kuikagua, maana ukuta ulikuwa wake.

"Hii iko shetani?"

"Hapana, Haboba. Ni ngoma."

"Ngoma ya watu gani iko na mbao kwa kichwa?" Akasogea karibu. "Na huyu alichora, alikuwa wapi? Alikaa hapo na rangi yake, watu wanacheza, hakuna mutu anamufukuza?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza hilo. Nilisema sijui.

"Na wanawake?"

"Wale walioketi nyuma."

"Basi hii hapana ngoma. Sisi kwa doluka, ngoma yetu, wanawake iko mbele. Mwanaume anakaa nyuma, anatoa macho." Akacheka peke yake, akikumbuka kitu ambacho hakuniambia. Kisha akaweka kidole juu ya mtu wangu wa pembeni. "Na huyu?"

"Huyo anaita."

"Anaita nini? Anakula huyu. Angalia mkono yake. Ameiba nyama kwa sahani ya watu, amekimbia kwa giza."

"Anaita, Haboba."

"Wewe uko na njaa ya watu, unaona mutu anaita. Mimi niko na njaa ya nyama, naona nyama. Basi."

Katika chumba cha pili alikaa kijana wa bodaboda. Yeye alisoma maandishi ya chini kwa sauti, akasimama wima. "Apache? Mzee, hii iko helikopta. Ile ya vita. Sasa helikopta yenyewe iko wapi?" Aliitafuta kwa bidii angani, juu ya milima, mpaka akapata doa moja dogo lililoachwa na unyevu. "Ni hii hapa. Bado iko mbali, lakini inakuja." Tangu siku hiyo vijana wa mtaa walikiita chumba changu uwanja wa ndege. Nikipita wanauliza kama ndege imetua.

Swali la Haboba, mchoraji alikuwa wapi, lilinikaa kichwani. Siku za kupumzika nilikwenda karibu na mnara wa simu, mahali mtandao ulipokuwa na nguvu, nikauliza simu yangu, nikasoma polepole. Waapache ni watu, wapo hadi leo, na nchi yao, huko Amerika, ni ya milima mikavu. Wale waliofunika nyuso wanasimama badala ya roho za milimani, na ngoma yao huchezwa kwa ajili ya msichana aliyevunja ungo, au mgonjwa. Haikuwa ya msiba kama nilivyodhani. Na katika miaka ileile picha za namna ile zilipokuwa zikichorwa, wanajeshi wa serikali walikuwa wakiwafukuza watu hao kutoka ardhi yao. Nilisoma pia kwamba wachoraji wengine hawakuwahi kufika. Walisikia habari kwa wasafiri, wakakaa kwenye nyumba zao za mjini, wakachora. Kama mchoraji wangu alikuwa wa namna hiyo, basi huenda hakuna mtu aliyesimama kwenye majani yale. Labda kona ya kushoto ilibaki tupu na mchoraji akaona inahitaji kitu.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na hasira nisiyojua ni ya nini. Lakini nilipoingia chumbani, yule mtu alikuwa palepale, mdomo wazi, na wale wenye mablanketi bado wamempa mgongo. Kubuniwa kwake hakukumpunguzia upweke.

Jioni nilizokuwa sina wa kuongea naye, na zilikuwa nyingi, nilikaa kwenye godoro nikijiuliza anasema nini. Nilianza na majani. Majani yale ni marefu, yanamfika kiunoni, na hakuna alama ya njia. Kwa hiyo ametoka mbali, na hajapita hapo muda mrefu. Basi nikampa maneno: njia imeota majani, mimi napita. Kwa Kilugbara ni mafupi zaidi na mkia wake unapanda. Halafu sauti ikayafuata maneno. Inaanzia chini, inapanda, inakatika katikati kama mtu aliyejikwaa, kisha inateremka taratibu. Nilishangaa ilivyokuja tayari, bila kuihangaikia. Nilidhani ndivyo kipaji kinavyokuwa.

Nilianza kuiita njiani nikirudi kutoka kwenye malori, jua likizama, pale kwenye matanuru ya matofali ambako hakuna nyumba. Mwanzoni ilikwaruza. Baadaye koo likazoea, na nikaanza kuitamani njia hiyo kutwa nzima, nikiwa nimebeba magunia mgongoni. Nilikuwa najua ni mwiko kuchukua mwito wa mtu mwingine, lakini huyu mwenye mwito alikuwa wa Amerika, wa zamani, na labda hakuwahi kuwepo. Nikajisemea kwamba Mwapache akifika Dadamu kudai chake, tutakaa tuzungumze.

Simu ya shangazi iliingia asubuhi.

"Amekwenda," alisema. "Njoo. Na uje na sauti."

Nyumbani nilikuta turubai, jenereta, spika kubwa, na viti vya plastiki vilivyokodiwa mjini. Mchungaji alihubiri, kwaya ikaimba, tukamzika baba nyuma ya nyumba yake. Mimi nilishika koleo pamoja na wengine, lakini hakuna aliyenipa pole. Mwanamke mmoja aliyekuwa akigawa chakula alinielekeza kwa kijiko: "Wageni wanakula upande ule." Mzee mwingine aliniuliza, kwa upole kabisa, mimi ni dereva wa gari lipi, kwa kuwa moja lilikuwa limeziba njia. Nilimwambia mimi si dereva. Akasema, "Basi mwambie dereva wako."

Watu wa kanisa walipomaliza na spika kuzimwa, ngoma zilitolewa, na pembe. Kila ukoo uliingia uwanjani kutoka upande wake. Sisi tulijipanga chini, kwenye njia ya shamba la muhogo. Aliyekuwa akipanga safu ni baba mdogo, mdogo wake baba, mtu mrefu mwenye kikohozi. Alinishika bega, akanisukuma mbele.

"Mwana anatangulia," alisema. "Una mwito?"

"Ninao."

"Vizuri. Toa kwa nguvu, watu wako mbali."

Tukapanda. Vumbi lilikuwa limeanza kuinuka. Niliona migongo, mamia ya migongo, watu wameelekea ngoma ya ukoo wa mama uliotangulia. Nilipofika mahali njia inapofungukia uwanja, nilisimama, nikaweka kiganja karibu na shavu, nikaita. Njia imeota majani, mimi napita. Ilitoka safi kuliko siku zote. Ilipanda, ikajikwaa, ikateremka.

Ngoma zilinyamaza, moja, halafu nyingine. Watu wote waligeuka kwa pamoja. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa karibu na kaburi alipiga ukelele na kujifunika kanga usoni. Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikaa chini.

Baba mdogo alinigeuza kwa mkono.

"Umeutoa wapi huo?"

"Ni wangu."

"Si wako! Huo ni wa kaka yangu. Amelala pale, udongo haujakauka, na wewe unaita kwa mdomo wake?"

"Sikujua."

"Hukujua vipi? Uliusikia wapi?"

"Niliutoa kwenye picha."

"Picha gani?"

"Ya watu wa Amerika. Waapache."

Nyuma yangu, kijana aliyeshika pembe akasema, "Apache si helikopta?" Mtu akacheka, akajizuia, akajifanya anakohoa. Baba mdogo hakugeuka. Alikuwa ananitazama mdomoni, si machoni.

Wazee walisogea, wakaanza kubishana. Mmoja alisema nitoe mbuzi, uwanja uoshwe. Mwingine alisema hakuna kosa, marehemu ameita mwenyewe, amemtumia mtoto. Wa tatu alitaka kujua picha inawezaje kuwa na sauti, na kama ni video. Nilisimama katikati yao nikiwa na vumbi mdomoni. Nilikuwa nimekuja watu wanijue, na sasa walikuwa wananitazama kama kitu kilichofukuliwa.

Shangazi ndiye aliyekatiza. Aliinuka, akaja akiburuta kanga.

"Mnabishana nini?" alisema. "Mtoto huyu alikuwa akilala mgongoni kwangu. Baba yake anashuka pale juu, anaita, mtoto ananyamaza kulia. Kila jioni. Mnadhani angeutoa wapi kwingine?"

Akanigeukia mimi, sauti yake ikashuka.

"Hata hayo majani unayajua ni majani gani?"

Nilitikisa kichwa.

"Baba yako alikwenda kusini, kwenye mashamba ya miwa. Hakutuma salamu wala neno. Mama yetu akasema amekufa. Watu wakaacha kupita njia ya kwake. Siku aliporudi alikuta majani mpaka hapa," na akagusa kiuno chake. "Ndipo akaanza kuita hivyo. Kutuudhi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba baba naye aliwahi kupotea. Nilikuwa nimemjua kama mtu wa nyumba moja, jembe moja, kiti kimoja. Nilitaka kumuuliza maswali mengi, na nilimtazama yule ambaye angejibu, na pale palikuwa na udongo mwekundu na maua ya plastiki.

Baba mdogo alikohoa kwa muda mrefu, kisha akatoa uamuzi, kwa kuwa sasa yeye ndiye mkubwa.

"Umeita mara moja, basi. Tutasema ameaga mwenyewe. Lakini leo tunaufunga pamoja naye. Usiuite tena. Si hapa, si huko Koboko kwako, si porini ukiwa peke yako. Mtu akiusikia baada ya leo atakimbia, na atakuwa na haki ya kukimbia."

"Na mimi niite nini?"

"Hilo mtu hamuulizi mwenzake."

Ngoma zikarudi. Nikaingia uwanjani mbele ya safu yetu, mdomo umefungwa. Hakuna aliyeniuliza tena mimi ni dereva wa gari lipi. Wanawake walinionyesha kwa kidevu: ndiye, mwana wa marehemu, koo lilelile. Mzee nisiyemjua alinipangusa uso kwa kiganja chake, jasho na vumbi, akaendelea kucheza. Yule mwanamke wa kijiko aliniita kwa jina la baba. Nilikuwa nimepata nilichokijia. Wenzangu walikuwa wanaita, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja wake, na uwanja ulikuwa umejaa sauti. Mara moja, katikati ya vumbi, nilijaribu kutafuta yangu. Nilifungua mdomo, na kilichopanda kooni kilikuwa mwanzo wa ileile. Nikaimeza.

Nilikaa Dadamu mpaka matanga yalipokwisha. Shangazi alitaka nibaki. Nyumba ya baba ilikuwa wazi na shamba lilikuwa halina mtu. Nilijaribu. Lakini kila jioni, wakati ambao zamani angekuwa anashuka, watu walikuwa wananyamaza kidogo, hata watoto, kisha wananitazama. Sikuweza kukaa ndani ya ukimya huo. Nikamuaga shangazi. Alisema, "Wewe ni wake kweli," na sikujua kama ni baraka au matusi.

Koboko nilishuka kwenye malori, nikapita kwenye matanuru nikiwa kimya. Ilikuwa njia ndefu kuliko nilivyoizoea. Haboba alikuwa amekaa uani na kawa magotini, mgongo wake umeelekea geti. Aliponiona alishtuka mpaka sindano ikaanguka.

"Wewe! Unaingia kama mwizi?"

"Samahani, Haboba."

"Siku zote nakusikia toka kwa tanuru. Ile kelele yako, kama kuku amekanyagwa. Nasema, anakuja huyo, naweka chai kwa moto. Leo kimya. Sasa chai iko wapi? Hakuna chai. Makosa ni yako."

Nilikaa chini mavumbini. Miezi yote hiyo nilikuwa nimeamini kwamba pale kwenye matanuru hakuna anayesikia. Nilikumbuka chai iliyokuwa tayari kila nilipofika, na jinsi nilivyodhani ni saa yake ya kunywa.

Nikamweleza yote. Alisikiliza akitafuta sindano kwa vidole.

"Hata hapa umekatazwa?"

"Hata hapa."

"Lakini baba yako hakujua Koboko."

"Haboba, nimekatazwa."

Akasonya. "Basi tafuta ingine."

"Haiji."

"Haiji," alirudia, akanitazama kama anavyotazama uzi uliokatika, akitafuta pa kuunganisha. Hakupaona. Akasema pole kwa msiba, akaenda kuwasha moto.

Niliingia chumbani. Picha ilikuwa palepale na vumbi jipya kwenye kioo. Nilimtazama mtu wa pembeni, nikangoja. Mdomo wake ulikuwa wazi kama kawaida, lakini hakikutoka kitu. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba kweli, huenda anakula.

Kesho yake nilirudi kutoka kazini jioni. Lango la bati lilikuwa limerudishwa na Haboba alikuwa ndani, nilisikia sufuria. Mlango wa kijana wa bodaboda ulikuwa na kufuli. Nilisimama nje nikiwa nimeshika bati kwa mkono, na nikaona kwamba sijui namna ya kufika. Mwishowe nikasema kile ambacho husema muuza mkaa, na mkusanya kodi, na mtu aliyekosea nyumba.

"Hodi."

Sufuria ikatulia. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?" aliuliza Haboba, na kutoka pale nje sikuweza kujua kama ananitania.